Niwekee Chakula

Ugali wa mtu mmoja haupikiki. Wanaosema unapikika hawajawahi kukaa peke yao, au wanakula mkate. Ukitia maji kikombe kimoja na nusu, yanakauka kabla unga haujaiva. Ukiongeza, umeshapika wa watu watatu. Kiema Musembi alijaribu miezi ya kwanza, akaunguza sufuria mbili, akanyoosha mikono. Siku hizi alipika wa watatu bila kubishana na mtu. Sehemu moja aliila jioni, sehemu ya pili aliikata vipande asubuhi akainywea chai, na ya tatu ilikwenda kwa mbwa wa jirani, ambaye alikuwa amenenepa vizuri.

Mboga hazikumsumbua kwa sababu hakuzifikiria. Jumatatu mayai. Jumanne mayai. Jumatano sukuma, kwa kuwa mayai yalikuwa yamekwisha. Alikula kutoka kwenye sufuria, amesimama kando ya sinki, maana sahani ni chombo kingine cha kuosha. Watoto wa Nairobi huambiwa kwamba anayekula kwenye sufuria atanyeshewa siku ya harusi yake. Kiema alikuwa na miaka hamsini na saba na harusi yake ilipita zamani, tena kwa jua kali, kwa hiyo hapo hakuwa na la kuogopa. Ungemuuliza kama chakula cha jana kilikuwa na chumvi, angekutazama tu. Alikuwa ameacha kusikia ladha, na hakuwa amegundua kwamba ameacha.

Mkewe, Waceke, alikuwa ameenda kulea mjukuu. Hivyo ndivyo Kiema alivyowaambia watu wa mtaa wa Woodley, na mwanzoni ilikuwa kweli tupu. Binti yao Kasiva alijifungua, akamwita mama yake Lavington, na Waceke akaondoka na begi dogo na kifuko cha njahi, yale maharagwe meusi ya kumpikia mzazi. Miezi mitatu, alisema. Miezi mitatu ikaisha, likizo ya Kasiva nayo ikaisha. Kisha msichana wa kazi akatoroka. Kisha mtoto akaota meno. Pasaka ya kwanza Waceke alikuja, akakaa saa mbili, akabeba makoti na blanketi lake zito kwa sababu, alisema, Lavington ni baridi. Kiema alimsaidia kufunga begi. Lavington na Woodley zinatazamana, mvua ya huku ndiyo ya kule, na huyu mzee alifunga zipu akasema, "Ni kweli, kule kuna miti mingi."

Sasa yule mtoto alikuwa na miaka miwili na miezi minne, anakimbia, anafungua friji mwenyewe. Kiema bado alisema mkewe ameenda kulea mjukuu. Alilisema kanisani, alilisema kazini, katika ofisi ya mawakili mjini alikokuwa karani wa mafaili. Watu waliitikia, "Ni vizuri," wakaangalia pembeni. Kwa simu yeye na Waceke waliongea karibu kila juma. Mtoto hajambo? Hajambo. Umekula? Nimekula. Haya. Swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza, Kiema hakuliuliza hata siku moja. Aliona kwamba asipouliza, basi hakuna lililoharibika. Na kumfuata huko hakuweza, kwa sababu nyumba ile ni ya mkwe wake Kuria, na kwao Mwala mzee haingii kwa mkwe kama anayeingia dukani. Anaalikwa kwanza. Hakuna aliyemwalika, akakaa.

Basi Jumamosi hiyo, saa kumi kasorobo alasiri, alikuwa ameketi sebuleni akisikiliza redio bila kuisikiliza, simu ikalia mlio wa ujumbe. Ulitoka kwa Waceke. Ulisema: *Nimechelewa huku chama. Niwekee chakula.*

Kiema aliusoma, akaweka simu juu ya kiti, akaichukua akausoma tena.

Lazima nieleze kidogo. Miaka kumi na minane Waceke alifanya kazi katika sehemu ya kufulia nguo ya hoteli moja ya Westlands, na jioni nyingi gari zilikuwa haziendi wala hazirudi, watu wamekwama barabarani. Kila alipochelewa aliandika neno hilo moja: niwekee. Hapo Kiema, kabla hajampakulia Kasiva, kabla hajajipakulia mwenyewe, alichukua sahani ya Waceke, akaweka chakula chake kwanza, nyama nzuri kwanza, akaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka juu ya sufuria ya maji moto. Hilo halikuwa na mjadala katika nyumba ile. Na neno lenyewe si la kila mtu. Mtu usiyekaa naye huwezi kumwambia niwekee. Jaribu kumwambia jirani uone atakavyokuangalia.

Kiema aliandika: *Sawa.* Akaketi. Akasimama. Moyo wake, ambao kwa muda mrefu ulikuwa unafanya kazi yake tu ya kusukuma damu, ulianza kugonga kwa nguvu hadi akaweka mkono kifuani kuuangalia.

Alifungua kabati la jikoni. Mlikuwa na unga, chumvi, majani ya chai, mafuta, na ndengu nusu kilo ambazo dada yake alimtumia kutoka nyumbani mwezi wa nane na hakuwahi kuzigusa. Waceke alipenda ndengu. Alilelewa Limuru kwa viazi, na aliolewa akiamini ndengu ni chakula cha Wakamba wenye njaa. Mwaka wa pili akawa ndiye anayeuliza zimeisha lini. Kiema alizimwaga kwenye sinia akazichagua mawe moja moja, ameketi, na akagundua kwamba hajaketi jikoni humo tangu mwaka juzi. Akazibandika kwenye gesi, akatoka kwenda kwa Annah.

Annah aliuza mboga kando ya lango la mtaa, chini ya mwavuli uliochanika, na alijua chakula cha kila nyumba. Alipomwona Kiema alishika kisu.

"Habari ya jioni, Baba Kasiva. Nikukatie sukuma ya kawaida?"

"Hapana. Nipe nyanya."

"Mbili?"

"Nne. Na kitunguu, zile kubwa. Na dhania. Na hoho moja."

Annah aliweka kisu chini. Alimtazama mzee huyu aliyemjua kwa sukuma ya mtu mmoja, siku ya Jumatano tu.

"Kwani leo kuna sherehe?"

Kiema angeweza kunyamaza. Mtu mwingine yeyote angenyamaza, akachukua nyanya zake akaenda. Lakini furaha ilikuwa imemjaa mdomoni, hakuizoea, ikamponyoka.

"Mama Kasiva anakuja," alisema. "Ameniandikia. Anasema nimuwekee chakula."

"Wacha!" Annah alipiga makofi. "Wacha, Baba Kasiva! Anarudi kabisa?"

"Anakuja," Kiema akasema.

Annah alimwongezea dhania bure, na limau moja ambalo Kiema hakuliomba.

Alipika taratibu. Alikata kitunguu, macho yakamwasha. Alikaanga, akatia nyanya, akazifunika zilainike, akatia hoho, kisha ndengu na supu yake. Mchele alipima vikombe viwili, akasimama na kikombe mkononi, akajiuliza kama siku hizi Waceke anakula kidogo au vilevile. Hakujua. Hilo lilimuuma kidogo, halafu likapita. Alionja supu kwa kijiko, akaongeza chumvi, akaonja tena, na mara ya pili alisikia. Nyanya ilikuwa chachu kidogo. Kitunguu kilikuwa kimeiva vizuri. Alisimama hapo na kijiko mdomoni kama mtu aliyepigwa na butwaa.

Halafu alifanya lile jambo lake la zamani. Alitoa sahani mbili, akaziosha kwa kuwa zilikuwa na vumbi, akampakulia Waceke kwanza. Wali, ndengu juu, zile zilizo nzitonzito za chini ya sufuria, majani ya dhania. Akaifunika kwa sahani ya pili. Akabandika maji, akaiweka juu yake, moto mdogo. Yeye hakula. Angengoja wale pamoja. Alifagia sebule, akatoa magazeti juu ya kile kiti cha mkewe, akaoga, akavaa shati lililopigwa pasi.

Saa kumi na moja ikapita. Saa kumi na moja na nusu. Aliongeza maji chini ya sahani. Dirishani jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa za vigae za nyumba za halmashauri ya jiji, watoto wakipiga mpira kwenye ukuta wa mtu. Saa kumi na mbili kasoro dakika chache, simu ikalia. Alikuwa ni Waceke.

"Mama Kasiva!" Kiema akasema. "Umefika wapi? Nije nikupokee hapo kwa lango?"

Upande wa pili palikuwa na kelele za katuni za televisheni. Kisha mlango ukafungwa, kelele zikapungua.

"Baba Kasiva," Waceke alisema. "Mimi nimefika kitambo. Niko hapa kwa Kasiva."

"Hapo?"

"Nimeingia nikauliza chakula yangu iko wapi. Huyu msichana mpya wa kazi ananiambia hakuna mtu alimwambia aweke. Nikamwambia, si nilikutumia message na ukajibu sawa? Akanionyesha simu yake, haina kitu. Ndio nikaangalia yangu." Alivuta pumzi. "Haikuwa yako, Baba Kasiva. Nimekosea."

"Ulisema nikuwekee."

"Nilikuwa natuma nyumbani, ikakuja kwako."

Alilisema bila ubaya wowote, haraka, kama mtu anayeeleza amepanda gari lisilo lake. Yeye mwenyewe hakukisikia alichosema. Kiema alikisikia.

"Niko na Nyumbani mbili kwa simu," Waceke akaendelea. "Wewe ndio ya kwanza, ile ya zamani, sikuwahi kubadilisha. Nimebonyeza bila kuangalia. Hata sawa yako niliiona, nikajua ni ya msichana."

"Sawa," Kiema akasema.

"Usiniambie umepika."

"Ndengu. Na wali."

"Ngai," Waceke alisema polepole. "Umepika ya watu wangapi?"

"Wawili."

Kwenye jiko maji yalichemka chini ya sahani, sahani ya juu ikitetemeka kidogo. Kiema alikuwa amesimama katikati ya jikoni, na aliona kwamba sasa hakuna tena cha kulinda. Akauliza.

"Mama Kasiva, utarudi lini?"

"Leo ndio unauliza."

"Ndiyo. Nauliza."

"Miaka miwili, Baba Kasiva. Leo ndio unauliza, tena kwa sababu nimekosea namba." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Wacha nikuambie. Ule mwaka wa kwanza, kila Jumapili tukitoka kanisa, mimi sikuwa navua nguo ya kanisa. Nilikuwa nakaa tu kwa sebule nayo mpaka jioni. Kasiva ananiuliza, mum, unaenda wapi? Namwambia siendi mahali. Nilikuwa nangoja unifuate."

"Nikufuate?"

"Ukuje unichukue. Si hata uingie, hapana, najua nyinyi na mambo yenu ya wakwe. Usimame tu hapo kwa gate, useme jina yako, niitwe. Nilikuwa nimeambia askari jina yako. Nikamwambia, kuna mzee anaitwa Kiema, akikuja usimsumbue na maswali. Huyo askari aliandikwa kwingine akaenda, mwingine akakuja, na huyo pia nikamwambia."

Kiema alishika ukingo wa sinki.

"Mimi nilifikiri ukimaliza utarudi," alisema.

"Nikimaliza nini? Mtoto anamalizwa?"

"Si ungesema."

"Nisemeje? Mwanamke anaambia bwana yake kuja unichukue? Kwetu Limuru mlikuja wazee kumi na wawili, na mbuzi, na kreti za soda, na shangazi yako akaimba mpaka sauti ikapotea. Wakati huo nilikuwa msichana hata hujanijua vizuri. Nimekuzalia, nimekaa na wewe miaka thelathini, nikashindwa kupata hata wewe peke yako na mikono mitupu."

Kiema alitaka kusema mengi. Kwamba alikuwa akingoja kualikwa. Kwamba kila Jumamosi alikuwa akifua shuka za kitanda chote, pande zote mbili. Kwamba aliogopa, hilo ndilo hasa, aliogopa kufika kwenye lango lile na kuambiwa na mlinzi kwamba hatakiwi. Yote hayo yalikuwa ya kweli, na yote yalikuwa madogo.

"Nikija kesho?" aliuliza.

Mtoto aligonga mlango wa upande ule, akaitwa, akaenda.

"Kesho ukija utakaribishwa," alisema mwishowe. "Nitaambia Kuria, utapikiwa chai, utaona mjukuu wako. Ni mrembo, anafanana na mama yako. Lakini mimi nimeshazoea huku. Ilinichukua muda, usifikiri ilikuwa mara moja. Nililia mpaka nikachoka. Halafu siku moja nikavua nguo ya kanisa saa ile tu nilifika, nikavaa leso nikaingia jikoni, na sikukumbuka kukaa kwa sebule. Hapo ndio ilikuwa imeisha."

"Ni kama lini hiyo?"

"Mwezi wa sita mwaka jana."

Kiema alijaribu kukumbuka mwezi wa sita mwaka jana. Alikuwa akila mayai.

"Kula chakula yako, Baba Kasiva," Waceke akasema, na sasa sauti yake ilikuwa laini. "Ndengu zikipoa zinakuwa kama saruji. Kula."

Simu ikakatika. Kiema alizima gesi. Alikuwa akitarajia kulia, hata akavuta kiti akaketi, lakini kilio hakikuja. Kile kilichokuwa kimemjaa kifuani tangu saa kumi kilikuwa kimeshuka, na pale kilipokuwa palibaki palivyokuwa siku zote. Alichota kijiko cha ndengu kwenye sufuria akakitia mdomoni. Zilikuwa za moto. Zaidi ya hapo hakusikia kitu.

Hodi ikabishwa mlangoni.

Alikuwa Mwalimu Ajwang, jirani wa nyumba ya tatu, mjane aliyefundisha shule za msingi za jiji miaka thelathini na tano na hakuwahi kuacha. Alikuwa amevaa kitenge kizuri na amebeba kichane cha ndizi kwenye mfuko.

"Nasikia mwenye nyumba amerudi!" alisema, shingo tayari imepita bega la Kiema kutazama sebuleni. "Annah ameniambia. Nikasema, siwezi kungoja kesho. Yuko wapi? Mama Kasiva!"

Jibu lilikuja lenyewe kwenye ulimi wa Kiema. Ameenda kulea mjukuu. Lilikuwa jibu zuri, limemtumikia vizuri, lilikuwa limefika kabisa kwenye meno. Akalimeza.

"Hayuko, Mwalimu," alisema. "Hakuja. Na harudi."

Ajwang aliteremsha ndizi.

"Haikuwa yeye ameandika?"

"Alikosea. Ilikuwa ya watu wengine." Kiema aliongea kwa sauti ileile aliyotumia ofisini kusoma namba za mafaili. "Ameniacha. Alikuwa ananingoja nimfuate huko Lavington, mimi nami nikawa namngoja hapa arudi. Sikwenda. Yeye akachoka."

"Alikungoja muda gani?"

"Mwaka na zaidi. Kila Jumapili."

"Na Lavington ni hapa tu," Ajwang alisema, kama anayejisemea. "Mtu anavuka Ngong Road, anapita Valley Arcade. Mimi naenda huko na miguu kwa klabu ya kufuma, na niko na goti mbaya." Alimtazama Kiema kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akiwatazama watoto waliokuja shuleni bila kazi ya ziada. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua. "Sasa, Baba Kasiva, miguu yako ilikuwa na nini?"

Kiema aliinama akaitazama. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vya kanisani, vilivyopigwa brashi hadi vinang'aa, ili ampokee mkewe. Aliitazama kwa makini, wa kulia kisha wa kushoto, na Ajwang akangoja jibu.

"Haikuwa na kitu, Mwalimu," alisema.